Beki Aliyeshuka na Timu Sita

Tarehe 17 Mei 2009, klabu ya Atlético Laguna Parda ilishuka daraja kwa mara ya kwanza katika miaka yake sabini na minne. Msimu huo beki wake wa kati, Fermín Olascoaga, kijana wa miaka ishirini na miwili, alicheza dakika kumi na moja. Katika dakika hizo Laguna Parda haikufungwa bao. Lakini picha iliyotoka magazetini kesho yake ilikuwa yake, ameketi benchi akimenya chungwa, na watu wa Argentina wakishaona picha hawana haja ya kusoma habari.

Mwaka uliofuata alihamia timu iliyokuwa ya pili kutoka mkiani. Ikashuka. Akaenda nyingine iliyokuwa ya mkiani kabisa. Nayo, kwa mshangao wa wote, ikashuka. Kufikia mwaka 2022 alikuwa ameshuka na timu sita, moja ng'ambo ya milima, huko Chile, ambako walau walimwandalia chakula cha kuagana. Hakuna aliyejiuliza ni timu ya aina gani inayotafuta beki wa kuokoteza huku imebakiza mechi kumi. Watu walikuwa na maelezo mafupi zaidi: ana gundu.

Mwenye gundu hatajwi jina. Likikuponyoka, mwanaume hujikinga kwa kugusa korodani yake ya kushoto, mwanamke titi la kushoto, kisha maongezi yanaendelea. Katika mji wake wa Colonia Ombúes, wenye watu elfu tisa, benki moja na timu moja, Olascoaga aliitwa Mwembamba, ingawa alikuwa na kilo tisini na nne. Daktari alimwita Mwembamba. Padri, baada ya kumtaja kwa bahati mbaya kwenye misa ya Pasaka, alionekana akitafuta kitu chini ya kanzu.

Yeye alitaka jambo moja tu: kuvaa jezi ya Sportivo Ombúes kabla miguu haijamkatalia. Hapo ndipo alipojifunza mpira tangu ana miaka saba, na akauzwa na miaka kumi na saba bila kucheza hata mechi moja ya wakubwa.

Januari 2023, siku ya Alhamisi, alikwenda klabuni wakati viongozi wanachoma nyama. Walimpokea vizuri. Kibuyu cha yerba, chai ya majani machungu inayonyonywa kwa mrija, ambacho huzunguka kutoka mdomo hadi mdomo, siku hiyo kilizunguka kwa wengine. Yeye alitafutiwa cha peke yake, kipya, bado kina karatasi ya bei. Mwenyekiti, Don Anselmo Pirovano, mwenye bucha, alimpa kipande kizuri cha mbavu na kumsikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, marehemu baba yako alikuwa rafiki yangu," alisema. "Ndiyo maana nakujibu kwa upole. Haiwezekani."

"Kwa sababu ya goti?"

"Goti lako halina neno."

"Umri, basi."

"Umri gani? Ndiyo kwanza unakomaa."

"Sasa ni nini, Don Anselmo?"

Mweka hazina akageuka kutazama makaa. Don Anselmo akaeleza kuwa yeye binafsi haamini mambo hayo, ni mtu aliyesoma, ila mashabiki ndio wanaoamini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni muda wote.

Kesho yake mwenyekiti aliandika barua ya kurasa mbili kwenda Unión Bañado, mahasimu wao wa ng'ambo ya mto, akimsifu beki huyo kama ambavyo hakuna aliyewahi kumsifu. Kocha wa Bañado, Hilario Scarpa, alikuwa amewasili wiki hiyo kutoka kusini ya mbali na hajui habari za mtu. Akamsajili. Ombúes walipiga fataki mchana kweupe.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Olascoaga alianza msimu na timu iliyokuwa nzima. Bañado walifungwa mabao kumi na manne katika mechi thelathini. Ombúes, waliokwisha kujikinga na gundu, walishinda mechi tano. Klabuni ilielezwa kuwa ni upepo: unavuma kutoka ng'ambo ya mto.

Mechi ya mwisho, tarehe 3 Desemba, Bañado walikuja Ombúes. Wenyeji walihitaji sare tu wasishuke. Asubuhi ile Olascoaga alipita kwa mama yake, Irma, ambaye alikuwa amefikiri usiku kucha.

"Sema tumbo linakuuma," mama alimwambia.

"Nitakuwa nimewauza wenzangu, Mama."

"Na ukicheza?"

"Nitacheza kama ninavyochezaga."

"Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Wewe utapanda basi urudi zako Bañado. Mimi mkate nanunua hapa."

Alicheza. Kila alipogusa mpira, wanaume elfu tatu walishusha mkono wa kushoto kwa pamoja, kwa nidhamu ambayo wimbo wa taifa haujawahi kuipata. Hadi dakika ya themanini na nane hapakuwa na bao. Ndipo Bañado wakapata kona. Olascoaga akapanda, akapiga kichwa, mpira ukaenda moja kwa moja kwa kipa wa Ombúes, Celso Barrientos, mtu mzima mwenye uzoefu wa miaka kumi. Barrientos aliuona mpira, na aliona pia umetoka kwenye kichwa cha nani. Mkono wa kulia ukaenda kuudaka. Wa kushoto ulikuwa na kazi nyingine. Mpira ukapita kushoto.

Olascoaga hakushangilia. Jioni Barrientos aliiambia redio kuwa alijikinga ipasavyo na bado gundu limepita, ambalo ni jambo la kutisha. Kuhusu kipa mwenyewe halikuzuka swali lolote.

Siku ya Jumatano Don Anselmo alibisha mlangoni kwa Irma, ameshika mbavu zilizofungwa kwenye karatasi. Olascoaga mwenyewe ndiye aliyefungua.

"Msimu ujao tuko daraja la mwisho," alisema mzee. "Chini yake hakuna ligi."

"Nimesikia."

"Basi kamati imekaa, ikaona huna tena pa kutushusha. Njoo nyumbani, mwanangu."

Mezani palikuwa na mkataba wa Bañado, wa miaka miwili. Olascoaga aliukunja, kisha akasema atakuja, kwa sharti moja.

"Kwenye kona, kipa adake kwa mikono miwili."

Don Anselmo alifikiri. Akasema hilo ni zito, hawezi kuliamua peke yake, itabidi alifikishe kwenye kamati.

Kamati ilikubali siku ya Ijumaa, kura nne kwa tatu. Sportivo Ombúes wanaanza mazoezi Jumatatu, tarehe 8 Januari 2024, saa mbili asubuhi, na Fermín Olascoaga yumo kwenye orodha.