Fundi ametoboa sarafu ya Papa

Jamani, fundi pikipiki wa mtaa wa Gerezani ametoboa sarafu yangu katikati. Kwa drili!

Ni baioko, senti ya shaba ya karne ya kumi na tisa, enzi Papa anatawala nchi yake kule Italia. Wakati wake ilikuwa hainunui hata kitunguu, ila mimi nimeisaka mpaka nikachoka.

Pikipiki yangu ilikuwa inavuja oili. Nikaiweka sarafu kwenye meza ya fundi ili nimuoneshe tu.

Yeye akajua nimeleta shaba ya kuchongea washa, kile kiduara cha kuzibia boliti ya oili. Wateja wake ndivyo wanavyofanya.

"Tayari bosi," akanirudishia ikiwa na tundu, "ukiifunga hii haivujishi tena."

Nilitaka kulia palepale.

Nikarudi nayo nyumbani Magomeni nimenuna. Mama, ambaye sarafu zangu zote anaziita vyuma chakavu, akaichukua. Akaziona funguo mbili za Papa zilizochorwa juu yake. Akaliona tundu.

Akaifunga kwenye rozari yake.

"Leo umeleta kitu cha maana, mwanangu. Huna nyingine ya dada yako?"

Wakusanyaji wa sarafu wenzangu, nitukaneni tu.

Ninayo. Kesho naipeleka mwenyewe kwa fundi.