Pembetatu Haipo kwenye Kibodi

Kaka yangu alipopoteza kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia kwenye mashine ya kuchakata mkonge huko Korogwe, watu waliisikitikia kazi yake. Mimi niliisikitikia pedi ya gemu. Najua inasikika vibaya. Lakini tangu utotoni sisi wawili hatukuwa na lugha nyingine: shikamoo kaka, marahaba, kisha tunakaa mbele ya tivii na kufungana magoli mpaka mama atishie kuzima umeme wa nyumba nzima. Pedi inataka gumba la kulia. Bila hilo hupigi pasi, hupigi shuti, unabaki kukimbia na mpira tu.

Miezi saba hakuigusa. Nikimpigia simu kutoka Handeni, ninakofanya kazi kwenye duka la steshenari, alijibu "nzuri", "ndiyo", "haya", basi, imekatika. Nilikuwa situlii. Nachapa barua ya mteja, nakosea anuani. Naharibu karatasi kumi kwa kutoa fotokopi ya upande mtupu, naanza upya.

Gemu lile lile la mpira nilikuwa nalo kwenye kompyuta yangu ya mpakato tangu zamani, na yeye alilidharau. Alisema timu ni zile zile, viwanja ni vile vile, lakini kucheza kwa kibodi ni kupiga chapa, si mpira. Nami nilikuwa na yangu: kwenye kompyuta nimebadilisha jezi, nimeingiza timu za hapa nyumbani, wakati kwenye tivii yake anakula alichopakuliwa. Ubishi huo tuliuvuta miaka na hakuna aliyetaka uishe.

Siku moja mchana nilikuwa nachapa, nikajikuta nimeacha kuangalia skrini, naangalia vidole vyangu. Kwenye kibodi, kukimbia ni mishale, mkono wa kulia. Mishale inataka vidole vitatu tu: cha kati, cha pete na cha mwisho. Vitatu hivyo anavyo! Pasi na shuti ni herufi za kushoto, na mkono wake wa kushoto ni mzima kabisa. Nilimdanganya mwenye duka kwamba tumbo linaniuma, nikatia kompyuta yangu kwenye mkoba, nikapanda gari la Korogwe. Njia nzima nilikuwa nabonyezabonyeza mapaja yangu mwenyewe, na jirani yangu akasogea dirishani.

Nilimkuta sebuleni, mkono kauficha chini ya kanga ya mama.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umefukuzwa kazi?"

"Nimekuja kukufunga."

Hakucheka. Nikafungua kompyuta kabla hajasema hapana, nikachomeka pedi yake niitumie mimi, kibodi nikamwachia yeye, nikavuta vigoda viwili. Aliitazama mishale muda mrefu, nikaona anahesabu vidole kimoyomoyo kama nilivyohesabu mimi. Kisha akautoa mkono.

"Pembetatu iko wapi?" akauliza.

Swali hilo lilinichoma. Vitufe vya pedi yetu vina maumbo: mraba ni shuti, pembetatu ni ile pasi ya kupenyeza katikati ya mabeki. Nyumbani kwetu neno lilishatoka nje ya gemu. Mtu akikuokoa ulipokwama, amekupa pembetatu. Mama mwenyewe hulisema, na pedi hajawahi kuishika.

"Ni W," nikamwambia.

"W," akarudia, kama anaonja dawa.

Sheria yetu, tuliyoitoa kwenye banda la gemu, ni tatu bila unapisha: ukifungwa matatu hujapata hata moja, mchezo umekwisha, unanyanyuka akae mwingine. Alinifunga la kwanza, la pili, la tatu. Nikainuka nikipiga makofi.

Yeye hakufurahi. "Beki wako alisimama," alisema. "Mara zote tatu alisimama ananitazama."

"Umenizidi tu kaka, wallahi."

"Usiape. Umenihurumia."

Ni kweli, nilimhurumia. Hasira ikanipanda, ile ya mtu aliyekamatwa. "Ndiyo, nimekuhurumia! Ulitaka nikufunge hivyo ulivyo?"

"Ndiyo. Hivyo nilivyo."

Nikakaa. Safari hii sikumwachia kitu. Vidole vyake vilichanganya, akabonyeza shuti akitaka pasi, akajitukana kwa Kizigua. La tatu lilipoingia nilikigonga kigoda chake kwa mguu.

"Pisha!"

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "We mtoto huna adabu? Mwenzio mgonjwa huyo!"

"Mama, usiingilie," kaka akasema. "Ni tatu bila."

Akanyanyuka. Bandani kungekuwa na mtu wa kukaa pale. Hapa tulikuwa wawili tu. Akasimama nyuma ya kigoda kitupu akingoja zamu yake, mkono ukining'inia wazi mbele ya mama. Nikaanzisha mechi dhidi ya kompyuta yenyewe, nikiomba inifunge upesi ili arudi kukaa.

"Usijifungishe," alisema nyuma yangu. "Nakuona."