Shimo la Mviringo la Corrabin

Mwongoza wageni haongezi neno wala hapunguzi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni ya kwanza katika mgodi wa kale wa Corrabin, kwenye nyika za dhahabu za Victoria, Australia, na Hedley Trewin aliishika miaka kumi na tisa.

Kila asubuhi alivaa fulana nyekundu ya wachimbaji wa zamani, akasimama kando ya shimo na kusimulia jinsi babu wa babu yake, Jabez Trewin, alivyoibua humo pande la dhahabu zito kama mtoto mchanga. Baa ya mji ilikuwa na jina la Jabez. Mikate ya nyama aliyooka mkewe Hedley iliuzwa kwa jina hilohilo, na nyumba waliyoishi ilikuwa ya mgodi.

Ukweli aliambiwa na bibi yake angali mdogo. Shimo lilichimbwa na Mchina. Dhahabu ilipoonekana, Jabez na wenzake wakamfukuza kwa mipini ya sururu. Shimo lenyewe lilikuwa shahidi. Wazungu walichimba pembe nne, Wachina walichimba mviringo, maana pepo, walisema, hujibanza kwenye pembe. Kwa hiyo meneja wa mgodi aliamuru mdomo wa shimo uzungushiwe fremu ya mbao ya pembe nne, kuuficha ule mviringo. Aliyezipigilia mbao hizo ni Hedley.

Machi ya mwaka 1996 alikuja mzee wa miaka tisini mwenye asili ya Kichina, Wilf Ah Yet, akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu na bintiye, Noelene. Ukoo wao umeishi Victoria muda uleule kama ukoo wa Trewin. Mzee aliinama, akachungulia chini kupita zile mbao.

"Kijana, babu yako alikuwa kalewa nini? Juu kachimba sanduku, chini kachimba pipa."

Kundi zima likacheka. Hedley naye akacheka, shingo imemlowa jasho, akaendelea na hadithi pale alipoiachia.

Wageni walipokwenda mtoni kuchekecha mchanga, Noelene alibaki na baba yake. Alieleza kwamba baba yake alikuwa amezunguka migodi saba, pamoja na huu, akitafuta mahali alipofukuzwa babu yake, ili amchomee ubani. Moyo wa mzee ulikuwa umechoka; daktari hakutarajia aumalize mwaka.

"Hatudai kitu, Bwana Trewin. Hata kibao cha ukumbusho hatutaki. Tuambie tu, ndipo hapa au sipo?"

Hedley aliiwaza nyumba, akamwaza mkewe na tanuri lake, akaiwaza ile baa na watu watakaomgeuzia migongo. Kila upande aliogeukia ulikuwa na ukuta.

"Mama, mimi nasema yaliyoandikwa."

"Sijakuuliza yaliyoandikwa."

"Ndiyo hayo niliyo nayo."

Mzee akamgusa bintiye mkono. "Twende, mwanangu. Bado ule wa nane."

Watu wa Corrabin humtetea Hedley, wakisema alikuwa na familia. Kila mwongo ana familia. Wilf Ah Yet naye alikuwa nayo.

Mzee huyo alifariki Juni, ubani wake ukiwa bado kwenye mkoba wa Noelene. Hedley alibaki na kazi, nyumba na jina. Kanuni aliishika, na gharama yake ni hii: mtu alisimama mahali alipopatafuta maisha yake yote, akaondoka bila kuambiwa kwamba amefika.