Mama Alivyoshindwa Kusimama Makaburini

Katikati ya miaka ya tisini mama yangu alipata ugonjwa ambao kijijini kwetu Idete hakuna aliyeuamini. Aliweza kuinama kwenye mpunga tangu alfajiri hadi jua la utosi, akipalilia, na asiseme kitu. Lakini akinyooka na kuanza kutembea, kiuno kilimkaza, kisha miguu yote miwili ikafa ganzi na kuwaka moto kwa wakati mmoja. Njiani kwenda kanisani alikuwa akisimama kila baada ya kitambo, anainama, anashika magoti. Watu walidhani ameangusha kitu. Wenye roho nzuri walimsaidia kukitafuta.

Mgonjwa wa namna hii ana bahati mbaya ya kuonekana mwongo. Jumapili anashindwa kutembea hadi kanisani, Jumatatu kijiji kizima kinamwona shambani mgongo juu, anapalilia kuliko wasichana. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Ifakara, nikija kijijini mwisho wa wiki kwa baiskeli, na kila nilipofika nilikuta maneno yamenitangulia mlangoni.

Maneno hayo yalitoka kwenye chama cha kuzikana cha akina mama. Sheria zake zilikuwa chache na hazikuwa na huruma. Ukifiwa, wenzako wanakuja na kuni, maji na mchele, wanapika, wanalala msibani, wanakwenda na wewe hadi makaburini. Na wewe unawafanyia hivyo hivyo. Asiyezika wenzake, siku yake ikifika anaachiwa wanawe. Mwenyekiti alikuwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba, yaani wifi yake mama. Shangazi alikuwa mtu wa haki. Nalisema hilo mapema kwa sababu sikumpenda, na sitaki mtu aseme nimemwonea.

Misibani mama alikuwa akienda. Alitoka nyumbani mapema kuliko wote, akipumzika kwenye kila gogo la njiani, na akifika alikaa mkekani kuchambua mchele. Akikaa hakuumwa hata kidogo. Masufuria aliyaosha ameinama, na hapo pia hakuumwa. Taabu ilianza jeneza likiinuliwa. Makaburi yetu yako mbali na nyumba, msafara unakwenda polepole kwa heshima ya marehemu, na mkifika mnasimama hadi kila mwenye neno alimalize. Mama alifika nusu ya njia akageuka. Waliporudi kutoka kuzika walimkuta amekaa, na mara nyingine, kwa bahati mbaya, alikuwa na sahani mkononi.

"Anakuja kula, kuzika hataki," alisema shangazi. Alilisema mbele yangu ili nilifikishe, nami nikalifikisha.

Mama hakuogopa kufa. Aliogopa kuzikwa na watu wachache. Baba alizikwa na umati, hata waliokosa nafasi walikanyaga mihogo ya jirani, na mama alikuwa akiukumbuka umati ule kama wengine wanavyokumbuka harusi yao. Sasa alijiona yeye atapelekwa kimyakimya. "Nitazikwa na wewe na ng'ombe wa Wasukuma," aliniambia. Wasukuma walikuwa wamehamia na mifugo nyuma ya kijiji, na ng'ombe wao walipita karibu na makaburi kila jioni, kwa hiyo haikuwa mzaha mtupu.

Nilimchukua nikamleta kwangu mjini, mtaa wa Viwanja Sitini, nikampeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimsalimia shikamoo, akampima nguvu za miguu, akamgonga magoti kwa kinyundo, akamminya vidole vya miguu kujua kama anasikia. Mapigo ya damu miguuni aliyakuta mazuri. Kisha akauliza maswali ambayo mama aliyaona ya kipuuzi.

"Ukiinama unapata nafuu?"

"Ningekuwa sipati ningelima na nini?"

"Na ukisukuma baiskeli?"

"Baiskeli ni ya huyu," alisema mama, akininyooshea kidole. "Lakini nikiisukuma nakwenda vizuri. Naegemea."

Daktari alifurahi kuliko ilivyostahili mbele ya mgonjwa. Alituonyesha picha ya eksirei iliyopigwa asubuhi hiyo, pingili za kiuno zimeota vinundu pembeni kama tangawizi. Akaeleza kwamba katikati ya pingili kuna mfereji, na ndani ya mfereji inapita mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni. Mtu akizeeka, mifupa inavimba na nyama zinazoifunga zinakuwa nene, mfereji unakuwa mwembamba. Ukisimama wima unabana zaidi na mishipa inakosa nafasi. Ukiinama au ukikaa, unapanuka kidogo na mishipa inapumua. Ndiyo maana alipona shambani akaugua barabarani.

Mama alisikiliza kama mkulima anayeambiwa habari za maji. "Mfereji ukiziba unazibuliwa kwa jembe," alisema.

"Jembe la kazi hiyo liko Dar es Salaam, mama. Na hatujafika huko. Wengi wanaishi nao miaka mingi, wakiutunza."

Kuutunza kulikuwa hivi. Alale chali mkekani asubuhi na jioni, avute magoti hadi kifuani, ashikilie kidogo, aachie. Akaze misuli ya tumbo. Atembee kila siku, lakini akae kabla ganzi haijaanza, asingoje ianze. Fimbo yake ikatwe iwe fupi. Vidonge vya maumivu ale siku za shida, na asile na njaa. Ndoo ya maji kichwani, basi. Hapo mama alimtazama daktari kama mtu aliyemtukania kwao, maana toka akiwa binti hakuwahi kuonekana akitoka kisimani mikono mitupu. Halafu daktari akanigeukia mimi, uso umebadilika: mguu ukianza kuburuta, au ganzi ikipanda hadi mapajani kwa ndani na sehemu anazokalia, au haja ndogo ikimtoka bila kujua au ikagoma kutoka, nimlete siku hiyo hiyo, nisingoje wikiendi. Niliogopa sana. Mama aliniambia nisiogope, kama ni haja ndogo atanijulisha.

Alirudi Idete akafanya yote isipokuwa la ndoo, ambalo alilifanya nusu, kwa kubeba ndoo ndogo. Magoti aliyavuta kila siku mlango umefungwa. Habari ya mfereji hakumwambia mtu. Nilimsihi amweleze shangazi, akakataa. "Nimwambie nina mfereji mgongoni? Atasema sasa nimepata na wazimu."

Basi akafa baba mkubwa, kaka wa baba na wa shangazi. Maisha yake yote marehemu alisafirisha magunia ya mpunga kwenda mashineni kwa baiskeli, akiisukuma amejikunja, gunia juu ya gunia. Kwa hiyo watani wake walipofika msibani walijua pa kuanzia. Mmoja alivaa kofia ya marehemu, akatafuta baiskeli isiyo na matairi, akaifunga magunia ya majani makavu, akawa anaisukuma kati ya waliaji, anaanguka, anadai nauli. Watu walicheka huku machozi yanatoka, kama inavyotakiwa. Alipoivua kofia, waliomtunza walimtupia sarafu humo.

Asubuhi ya kuzika mama aliniomba baiskeli yangu. Hakusema ya nini na mimi nilikuwa nina sufuria la maharage la kuangalia. Jeneza liliinuliwa, nyimbo zikaanza, nami nikatoka na msafara. Tulipovuka mahali ambapo mama hugeuka siku zote nilitazama nyuma. Alikuwa anakuja. Amefunga kanga vizuri, ameshika usukani kwa mikono miwili, kifua amekilaza mbele, anaisukuma baiskeli kwa mwendo wa msafara bila kusimama hata mara moja. Moyo wangu ulifurahi sana. Nilisahau kabisa kwamba tunamzika mtu wa baiskeli.

Tulipofika makaburini, wa kwanza kucheka alikuwa mzee mmoja karibu na kaburi. "Jamani, na huyu naye!" Kicheko kikaenda nyuma hadi mwisho wa msafara. Mama alidhani kuna jambo nyuma yake, akageuka kuangalia. Mtu akatupa sarafu kwenye kikapu cha baiskeli. Mwingine akatupa. Mtani mwenyewe, yule wa kofia, alimsogelea akamuuliza kwa adabu ni wa kabila gani, maana alikuwa anaingiliwa kazi yake. Mama akamjibu kuwa yeye ni mke wa mdogo wake marehemu na amekuja kuzika. Mtani akacheka zaidi, akasema huyo mama anaijua kazi.

Shangazi peke yake hakucheka. Aliyekuwa kwenye jeneza ni kaka yake.

Matanga yalipokwisha, chama kiliitisha kikao uani kwa shangazi. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nilikuwepo. Wanawake walikaa mikekani, shangazi akakaa kwenye kigoda, ambacho kilikuwa kimoja tu na cha mwenyekiti. Shitaka lilikuwa kwamba mama haziki watu, na siku aliyoamua kuzika amemfanyia marehemu utani bila kuwa mtani wake. Shangazi alilitaja kwa sauti ya chini. Alipofika kwenye neno kaka sauti ikamkatika, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma.

Mama alijieleza. Alieleza mfereji, mishipa, kuinama na kunyooka, vizuri kuliko daktari.

"Mfereji," alisema shangazi. "Mgongoni."

Wawili watatu wakaziba midomo kwa kanga.

"Basi," alisema mama, "nitasimama. Nyinyi endeleeni na mengine."

Akasimama katikati ya ua, wima, mikono ubavuni, kama mtoto kwenye wimbo wa taifa. Shangazi, ambaye hakuwa mtu wa kutishwa, akaendelea. Jambo lililofuata lilikuwa sufuria kubwa la chama, lililorudishwa na tundu, na kila aliyeliazima akidai alilikuta nalo. Wakabishana. Mama akazidi kusimama. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso ingawa tulikuwa kivulini. Vidole vya miguu vikaanza kujikunja ardhini vikitafuta pa kushika. Nilitaka kuinuka, akanitazama, nikakaa. Mashavu ya miguu yakawa yanatetemeka hadi pindo la kanga likatetemeka nayo, na sauti za waliobishania sufuria zikapungua moja moja, akabaki shangazi anazungumza peke yake, kisha naye akanyamaza.

"Endelea, wifi," alisema mama. Meno yalikuwa yamefungana. "Mlikuwa kwenye tundu."

Shangazi aliinuka. Alichukua kigoda chake, akapita katikati ya mikeka, akakiweka nyuma ya mama.

"Kaa, wifi. Tumeona."

Mama hakukaa. Alikuwa amemshika shangazi bega ili asianguke, na bado hakukaa.

"Mtakuja?" aliuliza.

Hakuna aliyeuliza wapi.

"Tutakuja," alisema shangazi.

"Hadi makaburini?"

"Hadi makaburini, wote. Sasa kaa, unaniumiza."

Mama akakaa, akainama mbele hadi kifua kikagusa mapaja, na mabega yake yakaanza kutikisika. Tangu siku ya kumzika baba sikuwa nimemwona akilia. Shangazi akachuchumaa mbele yake, akaishika miguu yake yote miwili akawa anaisugua kwa nguvu, na bila kugeuka akatuambia sisi wengine tuache kukodoa macho, tuendelee na sufuria.