Uongo Ambao Sikuutubu

Wakati wa Hali ya Hatari nilikuwa nikipogoa kahawa katika shamba la mzungu karibu na Ruiru. Tulipangiwa mstari mmoja na jirani yangu, mtu asiyeenda kanisani, aliyenifundisha kunoa makasi. Jumanne moja hakuja kazini. Alikuwa amepeleka unga msituni kwa wapiganaji wa Mau Mau, nami nilijua. Homugadi, askari wenyeji wa serikali, walipokuja kuuliza nani aliyepeleka unga, niliwaambia tulikuwa naye kutwa nzima. Wakaondoka.

Sisi watu wa uamsho tulikuwa na desturi ya kutembea nuruni. Kila Jumapili baada ya ibada, tulisimama mmoja mmoja tukataja wazi dhambi za wiki. Uongo ule ulinikaba siku tano. Niliamini kwamba kazi yangu ni kusema kweli, matokeo ni ya Mungu. Basi nikasimama, nikatubu kwamba nimewadanganya askari kuhusu mwenzangu wa mstari. Ndugu wakaimba na kunikumbatia. Nilijisikia mwepesi. Sikutazama ni nani aliyeketi benchi la nyuma.

Jumatatu asubuhi homugadi walimkuta kazini. Walimpiga kwa rungu mbele yetu mpaka mkono wa kulia ukavunjika mara mbili, na mara zote mbili nilisikia. Mmoja alimkanyaga kichwa matopeni, akanigeukia.

"Njoo, mtu wa Mungu. Malizia ushuhuda wako. Unga alimpa nani?"

Nilisema sijui, na kweli sikujua. Wakampiga teke la mdomo, wakamburuta hadi kwenye lori la kwenda Thika.

Mkewe alinikuta mtoni. Nilianza kumsomea neno la faraja, akanikatiza.

"Umeoga, ukamwaga maji machafu mlangoni kwangu," alisema. "Roho yako imetakata. Mimi nina watoto sita na mume hana mkono."

Nilikuwa nimesomeshwa Maandiko miaka mingi, nami nikafunga Biblia.

Alhamisi homugadi walirudi wakimtaka yule mama: nani alisaga ule unga? Wakaja kwangu kwanza. Mkubwa wao aliwaambia wenzake, akicheka, kwamba huyu mlokole hawezi kulala na uongo tumboni, tumuulize yeye. Nikasema mama huyo alikuwa mgonjwa kitandani wiki ile yote, mke wangu ndiye aliyewapikia watoto. Walinipiga kitako cha bunduki sikioni, damu ikanijaa shingoni. Nikarudia maneno yaleyale. Wakapiga tena, nikarudia. Wakaamini, kwa sababu ya toba yangu ya Jumapili.

Jumapili iliyofuata zamu yangu ilipofika, nilisimama na kutubu hasira. Ndugu mmoja aliuliza kama hakuna lingine. Nikasema hakuna.

Sikio lile walilolipiga halisikii mpaka leo. Namshukuru Mungu kwa mengi, na nimemwomba anihukumu apendavyo kwa uongo ule mmoja. Lakini msamaha wake sijauomba. Yule mama aliwalea watoto wake wote sita.