Ua Jekundu la Chama

Katika chama chetu, mikoba tunayowapa wanawake wanaopigwa na waume zao, waifiche mpaka siku ya kukimbia, anayeishona ni mama mmoja, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko sindano yake. Kila mkoba huuvuta kwa nguvu, uzi ukihimili, anaunong'oneza, "Kamtoe mwanangu." Kisha hudarizi ua jekundu la chama, fahari yake. Wiki hii mume mmoja alilitambua ua hilo uvunguni mwa kitanda. Mkewe tulimzika jana. Leo fundi kainama, anafumua maua yote ya mikoba iliyobaki.

"Pole, mama," namwambia.

"Usinipe pole, nipe wembe."

Uzi wa mwisho unatoka. Anauinua mkoba dirishani. Matundu ya sindano yamebaki, na ua linaonekana vilevile.