Gari la Mama Skolastika

Nakumbuka asubuhi moja ya kipupwe, mwanangu, upepo wa Ufipa ukipenya mpaka kwenye mifupa, nimesimama uani kwa mama mmoja pale Mazwi nikimwambia uongo kwa sauti ya upole kabisa. Jana ulipokuja kuniomba nikusindikize kwa yule bwana wa Majengo, ukalitazame lile gari lake la dizeli linalovuta kwa magurudumu yote manne, nilikujibu kwamba nitakwenda nawe. Nitakwenda. Lakini kabla hujaniamini kwa gari, nataka ujue unakwenda na fundi wa namna gani.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara. Muda mfupi tu kabla ya hapo, mtu wa kawaida kumiliki gari ilikuwa habari ya vibali na kusubiri, na huku kwetu Sumbawanga tulizoea kuona magari ya serikali, ya misheni na malori ya ushirika. Kisha milango ikafunguliwa. Magari yaliyokwisha kutumika yakaanza kupanda kutoka Tunduma, mengine yakiwa bado na vibandiko vya lugha ambayo hakuna aliyeweza kuisoma, na kila mwenye duka akaanza kuota la kwake. Wenye hamu walikuwa wengi, wenye kuyajua magari wachache. Mimi nilikuwa mmoja wa hao wachache, na nilijijua. Umri wangu miaka ishirini na minne, kichwa kimejaa upepo.

Ufundi nilifunzwa na Mzee Apolinari, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, aliyetumia nusu ya maisha yake chini ya matrekta. Kabla hajaniruhusu kushika spana alinikalisha miezi mitatu nisikilize injini tu. Ananiuliza, "Zeno, hii inasema nini?" Nikikosea, ananirudisha nisikilize tena. Mpaka nilipomaliza kufunzwa na kubaki gerejini kwake kama fundi, nilikuwa naweza kusimama barabarani na kukwambia gari lililopita lina nozeli mbovu kwenye silinda ya ngapi. Watu wakanijua. Mtu akitaka kununua gari, anasema, "Niitieni Zeno kwanza."

Ndivyo alivyoniita Mama Skolastika. Mumewe alikuwa mfanyabiashara wa maharage na mahindi, akafariki ghafla, akamwachia nyumba, watoto, na gari moja refu la nyuma pana, la dizeli, lile ambalo ukivuta kigia kidogo cha pembeni linakamata magurudumu yote manne. Lilikaa uani chini ya turubai tangu msiba, na alipojaribu kuliwasha likagoma. Akataka kujua kama alitengeneze au aliuze.

Nilifunua boneti. Nikanusa, nikashika, nikafungua filta ya dizeli. Imeziba, na ndani yake maji. Hewa imeingia kwenye mipira ya mafuta. Basi. Injini yenyewe ilikuwa nzima kama kiazi kilichotoka shambani, chesisi haina kutu, difu haivuji oili. Nimekagua magari mengi sana tangu siku ile, mwanangu, na machache mno yalikuwa mazima kama lile. Filta mpya na nusu saa ya kutoa upepo, lingewaka.

Nikafunga boneti, nikajifuta mikono taratibu. Nikasema, "Mama, pole. Injini imekufa."

"Imekufa kabisa, baba? Haiwezi kupona?"

"Hata ukiitengeneza itakula fedha na itakufa tena. Uza bodi, upate chochote. Ninamfahamu mtu anayeweza kulichukua hivyo hivyo."

Akaliwekea gari mkono, kama mtu anavyomshika ng'ombe aliyekufa zizini. Halafu akaingia ndani, akatoka na maharage yake mazuri yamejaa kwenye kikapu, akanipa. "Chukua, mwanangu. Wengine wangenidanganya kwamba litapona, wanile kidogo kidogo. Wewe umenieleza ukweli. Asante."

Nikapokea. Ningeweza kusema hapo hapo. Niliona aibu kidogo, ikapita, nikafunga kikapu kwenye baiskeli yangu nikaondoka nikipiga mluzi.

Mtu niliyemfahamu alikuwa Didas, rafiki yangu mwenye duka la vipuri Majengo. Didas akaenda kama mnunuzi, gari likapatikana kwa bei ya chuma chakavu, fedha yangu, jina lake. Tukalivuta kwa trekta mpaka uani kwake. Nikabadilisha filta, nikatoa upepo, nikapasha plagi moto, nikapiga stata. Likakohoa mara mbili likashika. Mwanangu, sikufichi, nilifurahi. Niliendesha kutoka Majengo mpaka barabara ya Mpanda na kurudi, kiwiko nje ya dirisha kwenye baridi ile, nikijiona mtu.

Siku ya tatu nikapita mbele ya gereji ya Mzee Apolinari. Alikuwa ndani, ameinamia gia boksi, hakuliona gari. Alilisikia. Akatoka nje na kitambaa mkononi, akaninyooshea kidole nisimame.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hii injini naijua. Mwaka jana marehemu aliileta hapa nikaifungua mimi, nikaifunga mimi. Mjane wake amenipitia kanisani Jumapili akaniambia imekufa, kwamba wewe ndiye uliyesema."

Nikaanza kueleza kwamba biashara ni biashara, kwamba siku hizi ni ruksa, kila mtu na akili yake. Alinisikiliza mpaka mwisho kama alivyozoea kusikiliza mashine. Kisha akasema, bila kupaza sauti, "Nilikupa masikio yangu, Zeno. Wewe umekwenda nayo kumwibia mtu aliyekuwa hana masikio hayo. Acha ufunguo wa gereji mezani. Usije hapa mpaka umelirudisha."

Niliuacha ufunguo kwa hasira. Nikasema moyoni, mzee huyu amebaki nyuma, dunia imebadilika. Nikaanza kubeba abiria na mizigo. Gari lilikuwa na nguvu, na kazi ilikuwepo.

Kilichonivunja hakikuwa maneno ya mzee. Ilikuwa wiki mbili baadaye, napita Mazwi, nikaona Mama Skolastika amesimama pembeni ya njia ananipungia. Nikajua nimekamatwa. Nikasimamisha gari. Akaja akiwa anacheka, akaligonga boneti kwa kiganja.

"Kumbe ulilinunua kwa yule kijana ukalifufua! Mimi nimesikia watu wanasema, nikabisha. Una mikono ya baraka, baba. Marehemu angefurahi kuliona linatembea."

Hakunishuku hata kidogo. Badala yake akaniomba nimpeleke Wampembe, ziwani, kwa nauli ya kawaida, akachukue samaki wakavu. Alikuwa ameamua kuanza kuuza samaki sokoni, maana biashara ya mazao ilimshinda bila usafiri. Bila usafiri! Alisema hivyo bila kinyongo, akipanda kiti cha mbele na kutandaza kitenge chake magotini.

Tulisafiri saa nyingi. Alinisimulia jinsi mumewe alivyolichagua gari lile, alivyokataa mengine mawili yaliyong'aa zaidi kwa sababu hili ndilo lililopanda kilima bila kulalamika. Mimi nilijibu ndiyo, ndiyo. Tulipofika pale nchi inapokatika na ziwa kuonekana chini kabisa, nikasimama ili kuingiza gia ya magurudumu manne kabla ya kuanza kuteremka. Mkono wangu uko kwenye kigia, na sikuweza kukivuta.

"Mama," nikasema, "gari hili halikuwa limekufa."

"Unasema?"

"Lilikuwa na maji kwenye filta tu. Nilijua. Didas alinunua kwa fedha yangu. Nilikudanganya."

Hakulia wala hakunitukana. Alifungua mlango, akachukua kikapu chake, akashuka, akaanza kuteremka mlima kwa miguu.

Nikalitia gari gia ya kwanza nikamfuata nyuma polepole, mawe yakigonga chini. Nilimwita apande. Hakugeuka. Nikamwita tena. Mguu wake mmoja uliteleza, akajishika kwenye kichaka, akasimama, akaendelea. Mwanangu, nimeendesha barabara mbaya nyingi, lakini ile nusu saa nyuma ya mgongo wa mama yule ndiyo safari ndefu kuliko zote nilizowahi kuendesha.

Kwenye kona moja akasimama, akaja mpaka dirishani kwangu.

"Nilikushukuru," akasema. "Hilo ndilo linaloniuma. Ungeniibia kimya kimya ningejua ni mwizi. Lakini ulisimama ukapokea maharage yangu, nami nikarudi ndani nikawaambia wanangu wawe kama wewe."

Nikazima injini, naye akaendelea.

"Utaenda kwanza kwa yule mzee wako, umwambie mwenyewe. Kisha utalileta gari nyumbani kwangu mchana, siku ya gulio, majirani wakiwepo, na utasema kwa mdomo wako ulichofanya. Fedha uliyolinunulia nitakurudishia, sina haja nayo. Ukija usiku kulitupa getini kama paka, nitalikataa."

Ndipo akapanda. Tukateremka mpaka Wampembe, akanunua samaki wake, tukarudi.

Nilifanya kama alivyosema. Nilisimama uani pale pale, watu wa Mazwi wamejaa mpaka kwenye uzio, nikasema nilichofanya, mwanzo hadi mwisho. Wengine walicheka. Mzee mmoja alitema mate chini. Didas alinichukia kwa kumtaja, na urafiki wetu haukurudi tena mpaka alipohama. Mzee Apolinari alinipokea gereji, ila alinianzisha upya, kuosha vipuri kwenye karai la dizeli kama niliyefika jana. Kwa miezi mingi hakuna aliyeniita kukagua gari. Nilikuwa naona watu wananunua mikweche, injini zinalia hadharani, na siwezi kusema neno kwa sababu nani angenisikiliza?

Unajua aliyenirudishia kazi yangu? Mama Skolastika. Biashara yake ya samaki ilikuwa imekua, akataka gari la pili la aina ile ile. Alikuja gereji, akawapita mafundi wote waliokuwa pale, akaja kusimama mbele yangu nilipoinamia karai.

"Nawa mikono, twende ukanitazamie gari."

Mzee Apolinari mwenyewe alishangaa. Akamwuliza, "Mama, una uhakika? Huyu?"

Akajibu, "Huyu alinidanganya, akarudi mchana akaniambia mbele ya watu. Namjua mpaka mwisho wake. Hawa wengine bado siwajui."

Tukaenda. Tulimkuta muuzaji na gari limekwisha kuwashwa, linanguruma vizuri. Nikamwomba alizime, nikamwambia Mama tutarudi kesho alfajiri likiwa la baridi, maana injini ya moto huficha ugonjwa wake. Muuzaji akakasirika, na kukasirika kwake kukanieleza mengi. Kesho yake liligoma, kisha likatoa moshi wa buluu ukajaa ua mzima. Tukaliacha. Tulitazama matatu kabla ya kumpatia linalofaa, na hilo alilitumia miaka mingi kwenye mlima ule ule wa Wampembe. Tangu siku hiyo watu wakaanza tena kusema niitwe.

Sasa, mwanangu, sikia ninachokwambia, na ukishike. Kesho tukienda Majengo, usilipende gari kwa macho. Sema unataka kuliwasha likiwa la baridi, na aliyeliwasha kabla hujafika mwulize kwa nini. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma. Ikipumua moshi kwa nguvu, funga uondoke. Ingia chini yake na nguo zako nzuri hizo, kwa sababu gari la kuvuta magurudumu manne huteseka chini, siyo juu. Lipeleke kwenye kilima na tope, uvute kile kigia uone kama kweli yote manne yanakamata, maana wengi huuza gari ambalo jina lake ni manne na kazi yake ni mawili. Na rangi mpya isikufurahishe.

Hayo ni ya gari. Lililo kubwa zaidi ni hili. Siku moja utakuwa unajua kitu ambacho mwenzako hakijui. Inaweza kuwa gari, inaweza kuwa shamba, karatasi ya ofisini, dawa. Atasimama mbele yako akikutazama mdomo. Mwambie kilivyo, hata kama ukweli huo unampa yeye faida na wewe unarudi nyumbani kwa baiskeli. Na ukikosa, kwa kuwa utakosa, usingoje hadi ushikwe. Rudi kwake mchana, useme, ukubali kuanza upya na karai la kuosha vipuri. Mimi nilifanya hivyo, na nimekula mkate wa kazi hii zaidi ya miaka thelathini bila kumkwepa mtu yeyote sokoni.

Mungu akupe mikono yenye ujuzi na ulimi usioiaibisha. Akupe gari litakalokupandisha na kukushusha salama, na watu watakaofurahi kukuona ukifika. Nenda ukalale sasa. Alfajiri unipitie, tumkute yule bwana gari lake likiwa bado la baridi.